Matairi ya baiskeli na mali ghafi mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwendeshaji anayesimama mbele ya rafu ya matairi, anasoma maneno kama grafini, silika, Vectran na TPU, kisha anabaki na swali lilelile: baiskeli yangu itakwenda vipi? Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi ndani yake. Mengine yanatosha kwa sentensi chache.

Tairi limetengenezwa kwa vitu gani hasa?

Vitu vinne. Cha kwanza ni kitambaa cha nyuzi, mara nyingi nailoni na mara chache pamba, na ndicho kinachobeba nguvu ya upepo. Cha pili ni mpira uliobandikwa juu ya kitambaa hicho, ule unaogusa barabara. Cha tatu ni kingo mbili zinazoshika rimu, ndani yake mkiwa na waya wa chuma au kamba ya aramidi, uzi imara wa aina ya Kevlar. Cha nne ni upepo wenyewe.

Watu hucheka nikihesabu upepo kama mali ghafi, lakini anayeuacha nje ya hesabu hataelewa kwa nini baadhi ya matairi ya kisasa yanapiga hatua na mengine yanabaki palepale. Upepo uliobanwa ni springi bora mno: ukiuminya unarudisha karibu nguvu yote uliyoupa. Mpira haurudishi yote. Kitambaa nacho hakirudishi yote. Kwa hiyo mafundi wamekuwa wakifanya kazi ya aina moja tangu John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, nayo ni kuuachia upepo ufanye sehemu kubwa ya kazi, na kupunguza kile ambacho mpira na kitambaa vinapoteza njiani. Ukisikia mali ghafi mpya, uliza kwanza imewekwa wapi kati ya sehemu hizo nne. Jibu la swali hilo litakuonyesha nusu ya ukweli kabla hujapanda baiskeli.

Kwa nini tairi ni jeusi? Na silika imekuja kufanya nini?

Mpira asilia ni utomvu wa mti, nao ukikauka una rangi ya maziwa au ya asali. Weusi unatokana na masizi maalumu yanayotengenezwa kwa kuunguza mafuta kwenye hewa haba. Chembe zake ndogo hujishikiza kwenye minyororo ya mpira, na mpira ambao ungesagika upesi unakuwa mgumu kuchanika na kulika. Masizi pia huukinga mpira na jua. Bila masizi au kitu cha kuchukua nafasi yake, tairi lisingedumu.

Lakini masizi yana gharama yake. Chembe zake husuguana zenyewe kwa zenyewe kila tairi linapojikunja, na msuguano huo ni joto, yaani nguvu ya miguu yako inayopotea. Hapo ndipo silika inapoingia. Silika ni jamaa wa mchanga, iliyotengenezwa kwa chembe zisizoonekana kwa jicho. Shida yake ni kwamba haipatani na mpira kwa hiari, hivyo huongezwa kemikali ya kuviunganisha, upande mmoja ukishika silika na mwingine ukishika mpira. Matairi ya magari yaliifuata njia hii miaka ya 1990, na ya baiskeli yakafuata.

Faida yake inahitaji maelezo kidogo. Tairi linapoviringika, sehemu yoyote ya mpira hujikunja mara chache tu kwa sekunde. Linaposhika lami yenye vichembe vya mawe, uso wa mpira hutikisika maelfu ya mara kwa sekunde na zaidi. Mpira uleule unaweza kuwa mtulivu kwenye mikunjo ya polepole na mlafi wa nguvu kwenye mitikisiko ya haraka, na ulafi huo wa pili ndio mshiko. Mchanganyiko mzuri wa silika huelekea huko: hupoteza kidogo unapoviringika na hushika vizuri hata barabara ikiwa imelowa. Zamani mtu alilazimika kuchagua, tairi jepesi kwenda au tairi la kushika. Leo bado unachagua, ila pengo limepungua sana. Kwangu mimi, hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko yote kwenye mpira wa baiskeli, na huwa hayatangazwi kwa herufi kubwa.

Ukinzani wa kuviringika ni nini, na tofauti inahisika mguuni?

Ni nguvu inayopotea kwa sababu tairi linajikunja likigusa ardhi kisha linajikunjua. Hupimwa kwa namba ndogo, yaani nguvu inayolizuia tairi ikigawanywa kwa uzito linaoubeba. Tairi zuri la mashindano huwa karibu na 0.003 hadi 0.004 kwenye uso laini. Tairi zito la safari lenye kinga nene linaweza kufika 0.007 au 0.008.

Tufanye hesabu. Mtu na baiskeli yake wana kilo 90, wanakwenda kilomita 20 kwa saa. Kwa namba 0.004, matairi yanakula wati 20 hivi. Kwa 0.008, yanakula karibu wati 40. Mtu anayeendesha bila haraka hutoa wati 75 hadi 100. Kwa hiyo wati 20 za tofauti ni kama robo ya juhudi yake. Kwenye tambarare atazihisi bila kipimo chochote. Kinyume chake, mzozo wa tairi la 0.0035 dhidi ya la 0.0037 ni wa wanaoshindana na saa. Anayekwenda kazini asiupoteze usingizi.

Grafini inafanya kazi kweli, au ni jina la kuuzia tu?

Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga kule Manchester mwaka 2004, wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Kampuni ya matairi ya Vittoria iliiingiza kwenye matairi ya baiskeli mwaka 2015, na mwaka 2019 ikatoa mchanganyiko wa pili.

Kinachowekwa kwenye tairi ni vibapa vidogo vya tabaka chache chache, kwa kiasi kidogo sana, vikichanganywa na silika na masizi. Kazi yake ni kukaa katikati ya minyororo ya mpira na kuusaidia ukaze unapohitajika, upoteze nguvu kidogo na uchelewe kulika. Kwa hiyo ndiyo, ina kazi. Lakini usifikirie tairi la grafini kama kitu kilichotengenezwa kwa grafini, kama vile usivyoita mkate chumvi kwa sababu una chumvi. Ubora unategemea jinsi vibapa vilivyosambazwa: vikigandana mabonge, havisaidii kitu. Na yapo matairi yasiyo na chembe ya grafini yanayoviringika vizuri sawa na yenye nayo, kwa sababu kitambaa chake ni laini na mpira wake umepikwa vyema. Linganisha tairi kwa tairi, si neno kwa neno.

Namba ya TPI ina maana gani? Nichukue kubwa?

Ni idadi ya nyuzi katika kila inchi ya kitambaa. Nyuzi nyingi maana yake ni nyuzi nyembamba, mpira mchache wa kujaza nafasi kati yake, na tairi linalojikunja bila ubishi. Tairi la 60 huwa gumu na la kuvumilia, la 120 ni laini zaidi, na yale ya pamba yanayotengenezwa kwa mkono hufika 300 na kuendelea.

Tahadhari moja. Kampuni nyingine huhesabu tabaka zote kwa pamoja. Kitambaa cha nyuzi 110 kikikunjwa mara tatu chini ya sehemu inayokanyaga, kinaandikwa 330. Si uongo, maana wengi huandika hivyo waziwazi, ila namba hiyo haiwezi kuwekwa kando ya 320 ya pamba kana kwamba ni kitu kimoja. Na kitambaa chembamba kina mbavu dhaifu. Kwenye njia za mawe makali, ubavu uliochanika hauzibiki kwa kiraka cha tyubu, na hapo tairi la 60 ulilolidharau litakufikisha nyumbani.

Kinga ya pancha: Kevlar, Vectran, au mpira mnene?

Aramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Kevlar, ilitokana na kazi ya Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965. Ina nguvu kubwa ya kuvutwa ukilinganisha na uzito wake. Kwenye tairi hufumwa kama utepe chini ya mpira. Huzuia vizuri kipande cha chupa kinachotaka kukata, lakini mwiba mwembamba unaweza kupenya kati ya nyuzi bila kukata hata mmoja. Vectran, inayotumiwa na kampuni ya Continental kwenye matairi yao ya barabarani, ni uzi wa aina nyingine, hunyumbulika vizuri na kuongeza uzito kidogo tu.

Mpira mnene ni njia ya kizamani na bado haijashindwa. Tairi la Marathon Plus la kampuni ya Schwalbe lina tabaka la mpira laini wa milimita 5 chini ya sehemu inayokanyaga, na miiba mingi huishia humo kabla ya kufika kwenye tyubu. Gharama yake ni uzito na ukinzani, kama hesabu ya juu ilivyoonyesha. Kwa mtu ambaye pancha moja humharibia siku ya kazi, ni biashara nzuri. Hakuna utepe mwembamba ninaoujua unaoshinda unene mtupu mbele ya mwiba mrefu.

Usiichanganye kinga hiyo na aramidi iliyo kwenye kingo. Tairi lililoandikwa kuwa linakunjika lina kamba ya aramidi badala ya waya wa chuma. Hilo hupunguza gramu 50 hadi 100 na kukuwezesha kulibeba mfukoni, lakini halizuii pancha hata moja.

Tyubu za TPU zina faida gani?

TPU ni plastiki inayonyumbulika. Tyubu ya kawaida ya butili, yaani mpira wa viwandani, kwa tairi la barabarani ina gramu 100 hivi. Ya TPU huwa kati ya 25 na 45, na ukiikunja haizidi ukubwa wa yai. Kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba, haipotezi nguvu nyingi tairi linapojikunja. Hukaribia tyubu za utomvu asilia kwa wepesi wa kuviringika, na inazishinda kwa kutunza upepo, maana zile za utomvu hutaka pampu karibu kila siku.

Sasa matatizo yake, ambayo wauzaji huyapitia mbio. Kiraka cha kawaida na gundi yake havishiki, inabidi uwe na viraka vya TPU na kitambaa cha spiriti cha kusafishia. Nilijifunza hilo kando ya njia jioni, kiraka kikibanduka mara ya tatu, na tangu siku hiyo viraka vyake haviachani na begi langu. Pili, usiipulize nje ya tairi zaidi ya kuipa umbo, kwa sababu ikitanuka kupita kiasi hairudi. Tatu ni joto: kwenye mteremko mrefu, breki zinazobana rimu huipasha moto, na baadhi ya tyubu nyembamba kabisa zimeruhusiwa kwa breki za diski tu. Soma kifurushi.

Tyublesi inamfaa nani?

Anayepita kwenye miiba midogo, changarawe na mawe, na ambaye yuko tayari kulitunza tairi. Hakuna tyubu, kwa hiyo hakuna pancha ile ya kubanwa inayoacha matundu mawili sambamba. Unaweza kushusha upepo na kupata mshiko. Ndani yake humwagwa majimaji ya kuziba, mara nyingi utomvu wenye chembe na nyuzinyuzi. Tairi likitobolewa, upepo unaotoka huyasukuma hadi kwenye tundu, yanaganda na kuziba. Matundu ya milimita chache hufungwa mara nyingi bila wewe kujua.

Yanakauka, na hilo ndilo watu husahau. Baada ya miezi miwili hadi sita, au mapema zaidi penye joto na ukame, unabaki na utando mkavu usiozuia chochote. Tikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia majimaji, ongeza. Na usilifanye tairi la kawaida kuwa tyublesi kwa ujanja wa nyumbani. Kingo za tairi la tyublesi zimetengenezwa zisitanuke. Za kawaida zinaweza kuchomoka kwenye rimu kwa kishindo, na ukiwa kasi hilo linaweza kukuua.

Rimu zenye kingo zilizonyooka ni salama?

Ziko salama ukifuata masharti mawili: tumia tairi ambalo mtengenezaji amelithibitisha kwa rimu hizo, na usizidishe upepo wa bar 5, yaani psi 72 hivi. Tairi linakaa mahali pake kwa kubana tu, bila ule mdomo wa kulishika. Anayependa kujaza upepo hadi tairi liwe jiwe anunue rimu zenye mdomo.

Kwa nini waendeshaji wa mashindano wamehamia matairi mapana? Si ndiyo mazito?

Kwa miaka mingi milimita 23 na psi 120 zilikuwa kama sheria. Leo 28 na zaidi ni jambo la kawaida kwenye mashindano makubwa ya barabarani. Sababu ya kwanza ni umbo. Kwa psi ileile, tairi pana linagusa ardhi kwa alama fupi na pana, na mpira wake hujikunja kidogo kuliko wa lile jembamba. Ya pili ina uzito zaidi: barabara halisi si kioo. Tairi gumu likipiga kila kijiwe, baiskeli na mwili wako vinarushwa juu, na nguvu ya kuurusha mwili inatoka kwako. Tairi lenye upepo wa kiasi hukimeza kijiwe na kuendelea.

Kumbuka pia kwamba mkazo kwenye kitambaa huongezeka tairi likipanuka, hata psi ikiwa ileile. Ndiyo maana tairi pana huhisi gumu upesi na huhitaji upepo mchache. Mtu wa kilo 75 anaweza kuanzia psi 70 kwa milimita 28, na psi 40 kwa milimita 40, kisha apande au kushuka kidogo kidogo. Upande wa nyuma unabeba zaidi, upe psi chache za nyongeza.

Nimewaona watu wakinunua tairi bora kisha wakalijaza upepo kama la lori. Kazi yote ya silika na kitambaa laini hufa hapo.

Matairi ya radiali ni nini?

Kwenye tairi la kawaida la baiskeli, nyuzi hupita kwa mshazari, kwa pembe ya digrii 45 hivi. Radiali huzisimamisha zikaribie kukata tairi moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kama magari yanavyofanya tangu katikati ya karne iliyopita. Schwalbe walitoa matairi ya aina hii kwa baiskeli za milimani mwaka 2024. Tairi hulala juu ya mawe na mizizi kama kitambaa kilicholowa, na mshiko ni mkubwa. Mbavu hulegea kiasi kwamba utahitaji upepo zaidi ya uliozoea. Kwenye lami halikusaidii.

Tairi lisilo na upepo limefika?

Limefika, lakini soma kwa makini ni lipi. Aina ya kwanza ni ya povu gumu la plastiki lenye vishimo vidogo mno, kama ya Tannus. Haipati pancha kamwe. Inaviringika kwa uzito zaidi na hukurushia mtikisiko wa barabara, kwa sababu umeondoa springi bora ukaweka povu. Kwa baiskeli za kukodisha mjini, ambako gharama kubwa ni fundi wa kuzunguka akiziba pancha, naiona ina maana.

Aina ya pili ndiyo inayonivutia. Nitinoli ni aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake. Chuma cha kawaida ukikivuta zaidi ya sehemu ndogo ya asilimia moja kinabaki kimepinda. Nitinoli huvutwa hadi asilimia 8 hivi na bado hurudi, kwa kuwa fuwele zake hubadili mpangilio badala ya kuteleza. Kituo cha Glenn cha NASA kiliifumia matairi ya magari ya kutembea kwenye sayari nyingine, ambako mpira haufai kwa baridi na mionzi, na kampuni ya SMART Tire ikaileta kwenye baiskeli kwa jina la METL. Mpira mwembamba hubaki juu kwa ajili ya kushika. Wazo ni zuri kwelikweli: kuuondoa upepo bila kuipoteza springi. Kikwazo kipo kwenye aloi yenyewe, ambayo ni ghali kutengeneza, na ugumu wa tairi hauwezi kurekebishwa kwa pampu kulingana na mzigo au njia.

Je, kuna tairi lisiloharibu mazingira?

Mpira ukishapikwa na salfa, kazi aliyoigundua Charles Goodyear na kuipatia hataza mwaka 1844, hauyeyuki tena. Ndiyo maana tairi kuukuu haliwezi kugeuzwa tairi jipya kama chupa ya plastiki. Njia inayotumika sasa ni kulipasha moto mkali bila hewa hadi ligawanyike kuwa mafuta, gesi na masizi. Schwalbe wanashirikiana na kampuni ya Pyrum ya Ujerumani kwa kazi hiyo, na masizi yanayopatikana yanarudi kwenye matairi mapya. Continental nao mwaka 2019 walitoa Urban Taraxagum, ambalo mpira wake unatokana na mizizi ya mmea wa jamii ya dandelioni unaostawi penye baridi, mbali na misitu ya mti wa mpira.

Hayo ni mambo ya kupongeza. Lakini tairi linaloishi miaka mitatu badala ya mmoja limeokoa mpira mwingi kuliko nembo ya kijani ubavuni.

Nina uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu. Kipi?

Nunua geji nzuri ya kupimia upepo, kama huna. Ukiwa nayo, badilisha tairi la nyuma kwanza kama limekuwa kipara, kwa sababu ndilo linaloisha haraka. Kama yote bado yana mpira, badilisha la mbele liwe lenye mshiko bora. La nyuma likiteleza mara nyingi unaokoka. La mbele likiteleza uko chini kabla hujafikiri.

Nitajuaje tairi limekwisha, na nilihifadhi vipi?

Matairi mengi ya barabarani yana vishimo viwili vidogo kwenye sehemu inayokanyaga. Visipoonekana tena, mpira umeisha. Dalili nyingine ni umbo la mraba katikati, nyuzi zinazochungulia, uvimbe ubavuni, na pancha zinazofuatana bila sababu. Nyufa ndogo ndogo ubavuni husababishwa na ozoni na jua, nazo hutangulia kwenye baiskeli iliyosimama kuliko inayotumika.

Lihifadhi gizani, mahali pakavu na baridi, mbali na mota za umeme, maana cheche zake hutoa ozoni. Usilining'inize kwenye msumari mmoja kwa miezi. Baiskeli ikikaa muda mrefu, ijaze upepo kiasi au inyanyue, ili uzito usilikandamize tairi mahali pamoja. Mafuta na dizeli yakiligusa, lioshe kwa maji na sabuni siku hiyohiyo, kwa sababu mpira huyanywa na kuvimba.